Sinia Moja, Miji Mitatu

Wifi yangu Lamiat ana miaka sitini na tisa, na nimemwona mara moja tu akilipa bei kamili ya kitu. Pale sokoni kwetu mjini Trang, ninapouza viungo vya kutwanga, wanamwita Dada Nusu. Akija kwa pilipili anataka nusu fungu. Akikaa mkahawani anaagiza kikombe kimoja cha kahawa, anajaziwa chai ya bure mara tatu, kisha vifuko vya sukari vilivyobaki mezani vinaingia kwenye pochi yake. Alikuwa mtunza stoo wa shule kwa miaka thelathini na moja, na wanasema wakati wake haikupotea hata chaki moja. Mimi naamini, maana chaki zenyewe lazima zilimwogopa.

Mumewe alifariki zamani, watoto hakujaliwa. Nyumba ni yake na pensheni anapata kila mwezi. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaanza kumwonea huruma. Lamiat hana shida, ana tabia tu.

Basi, mwaka huu mwezi wa kumi wa mwandamo ulikuwa unakaribia kuisha. Hizo ndizo siku ambazo wafu wetu hufunguliwa waje nyumbani kula. Kila ukoo hupeleka sinia kwenye hekalu yalipohifadhiwa majivu ya watu wake: mchele, samaki mkavu, bisi za mchele, na zaidi ya vyote mkate wa nyuzi, ule unaokaangwa kwa uji wa unga wa mchele uliomiminwa kama uzi, ukakunjwa kama kitambaa. Huko waliko, mkate huo ndio nguo yao. Asiyepelekewa hurudi uchi na njaa yake, na watoto wake wakavuna walichopanda.

Lamiat kwa miaka thelathini alikuwa akipeleka sinia hapo hapo Trang, kwenye hekalu la wakwe zake, hatua mia tatu kutoka kwake. Majivu ya baba yake yako Phatthalung, ng'ambo ya mlima. Ya mama yake yako mbali zaidi, Pak Phanang, kule mama alikorudi kufia baada ya kuachana na mzee. Kwa hao wawili Lamiat alikuwa akimwambia mtawa, "Na wa kwetu muwagawie humo humo," kana kwamba watawa wana kazi ya kupeleka vifurushi.

Asubuhi moja akaja kwenye meza yangu, hakugusa hata pilipili.

"Wifi, nimemwota mama."

"Alikuwaje?"

"Kasimama mlangoni kwangu, kajikumbatia hivi." Akakunja mikono kifuani. "Hana hata shuka. Hasemi kitu, ananitazama tu."

Niliacha kutwanga. Mambo hayo hata mimi yananisisimua mwili. "Basi hapo huna ujanja," nikamwambia. "Lazima uende."

"Naenda. Nimeshapanga." Akatoa kipande cha karatasi, nyuma ya risiti ya duka la dawa. Siku mbili, miji mitatu. Alfajiri kwa wakwe hapa Trang, kisha basi dogo kuvuka mlima hadi Phatthalung kwa baba, kabla watawa hawajala mlo wao wa mwisho wa siku, ule wa kabla ya adhuhuri. Kulala kwa binamu Riam, bure. Kesho yake treni daraja la tatu, nusu nauli kwa wazee, mpaka Nakhon, na kutoka hapo gari la mabenchi hadi Pak Phanang kwa mama.

"Na masinia matatu utayabebaje, wewe na mgongo wako huo?"

"Matatu ya nini? Moja."

"Moja kwa mahekalu matatu?"

Akanisogelea, akashusha sauti kama anayeniuzia siri. "Watawa wakishamaliza dua, si watu wanaruhusiwa kugombania chakula?"

"Watoto wanaruhusiwa."

"Imeandikwa wapi kwamba ni watoto tu? Na mimi nagombania. Nachukua cha kwangu, nakipanga upya, nakwenda mji unaofuata."

"Lamiat! Si kitakuwa kimeshaliwa?"

"Mzimu unakula harufu. Nguo inabaki pale pale."

"Na harufu ikiisha Phatthalung, mama yako atakula nini?"

"Wewe tangu lini umenyoa kichwa ukawa mtawa? Twanga viungo vyako."

Nilicheka siku nzima. Kufika jioni soko zima lilikuwa linacheka nami, mpaka muuza nguruwe wa kuchoma akaniomba nimletee picha. Nyumbani ni mume wangu peke yake ambaye hakucheka. Sanan ni mdogo wake Lamiat, na magoti yake siku hizi hayampeleki hata chooni bila kelele.

"Nenda naye," akaniambia. "Usimwache amwaibishe mama. Na upite ununue mkate wa nyuzi mmoja mzuri, umpelekee mama kwa jina langu."

"Wa nini tena? Dada yako si ana sinia?"

Akarudi kuyasugua magoti yake. Wazazi wangu mimi nilikuwa nimeshawapelekea sinia lao, kubwa, watu wakaligeukia. Kwa safari hii nilichaji simu.

Pale kwa wakwe mambo yalimwendea vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Uani palikuwa na jukwaa la mianzi, masinia yamepangwa, uzi mweupe umezungushwa kutoka kwenye vyakula hadi mikononi mwa watawa. Lamiat aliweka lake pembeni kabisa, karibu na nguzo, kila kitu kimefungwa uzi mwekundu wa sufu ili asikosee. Watu wazima wenzake walipiga magoti na kufumba macho. Yeye alipiga goti moja, lile jingine likawa tayari.

Uzi mweupe ulipovutwa tu kumaliza dua, alikuwa ameshafika. Sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akitumia viwiko kwa ustadi namna ile. Mtoto mmoja wa kike, hata miaka minane hana, alikuwa ameshika upande wa pili wa mkate wa nyuzi.

"Bibi, mi ndo nimeshika kwanza!"

"Umeshika cha kwangu."

"Si umewapa wafu?"

"Wameshashiba. Achia."

Mtoto akaachia. Nilipiga picha tatu, moja ikatoka vizuri sana. Lamiat alipoteza vitumbua vichache tu, vile vyenye tundu ambavyo kwa wafu ni pesa, na akasema hasara hiyo inavumilika, wakwe zake hawakuwa watu wa matumizi makubwa.

Ndani ya basi dogo alilipakata lile sinia njia nzima ya mlima, na konda alipouliza kama mzigo unakaa kiti peke yake akamwambia, "Huu si mzigo, huu ni ukoo." Konda akaenda kudai nauli viti vya nyuma. Nami niligeukia dirisha, maana kumjibu mtu wa namna hiyo ni kumpa chakula.

Phatthalung ndiko alikokutana na asichokitarajia, yaani heshima. Kule jukwaa la mizimu hulijenga juu, kwenye nguzo ndefu iliyopakwa mafuta, na vijana wa kiume hushindana kuipanda. Binamu Riam, mama mmoja mnene, mpole, mwenye kuamini kila anachoambiwa, alikuwa ametutangaza hekalu zima. Mwenyekiti wa kamati akatupokea kwa mikono miwili.

"Mama kasafiri kutoka Trang na sinia la baba yake, miaka thelathini hajafika! Hili haliwezi kukaa chini na ya wenyeji. Litapanda juu kabisa!"

"Hapana, hapana," Lamiat akasema, "chini panatosha, mimi mtu mdogo tu."

"Sikilizeni alivyo mnyenyekevu!" mwenyekiti akapaza sauti, na watu wakamsifu. Likafungwa kamba, likavutwa juu. Lamiat alilifuata kwa macho mpaka shingo ikagoma.

Dua ikaisha. Vijana wakaanza kupanda na kuteleza, kupanda na kuteleza, watu wanacheka. Hatimaye kijana mmoja mwembamba akafika juu, na kama ilivyo desturi akaanza kuwarushia walio chini. Vitu vilivyofungwa sufu nyekundu vikawa vinaruka angani. Hapo wifi yangu akafungua mwavuli wake, akaugeuza juu chini, akaingia katikati ya vijana wa watu.

"Huku! Huku, mwanangu! Rusha huku!"

"Wifi yako anafanya nini?" Riam akaniuliza.

"Anakusanya ukoo," nikamwambia. Nilikuwa narekodi huku nikicheka. Riam hakucheka. Alivuta kitambaa cha begani akajifunika nusu ya uso, kwa sababu majirani walikuwa wameanza kuelewa. Nilimsikia mmoja akisema, "Kumbe alileta akopeshe." Mwenyekiti wa kamati akageukia upande mwingine, akawa mtu wa kukagua maturubai.

Mwavuli ulidaka bisi za mchele, zikavunjika. Samaki akaondoka na mtu mwingine. Mkate wa nyuzi wenyewe uligonga ukingo wa mwavuli ukaanguka kwenye tope, na kabla Lamiat hajainama mtoto mmoja akaukanyaga akipita. Aliuokota hivyo hivyo. Jioni ile kwa Riam tulipewa mchuzi mchachu wa samaki na wali, na hakuna aliyezungumza mezani isipokuwa Lamiat, aliyeusifia wali.

Treni ya asubuhi ilikuwa na viti vya mbao na madirisha wazi, na wauzaji wa wali wa kunata na kuku walipita kila kituo. Lamiat hakununua. Alitandaza leso mapajani, akaweka ule mkate wa nyuzi, akaanza kuufuta kwa kitambaa kibichi, polepole. Alipomaliza kuufuta akaugeuza, upande uliokanyagwa ukaingia ndani, akaukunja tena.

"Atavaa upande huu," akasema.

"Na alama ya mguu?"

"Inakuwa ndani. Mama ndivyo alivyokuwa akinifanyia sketi ya shule. Ikipauka anaifumua, anaigeuza, anashona tena. Nilimaliza darasa la saba na sketi moja."

Kila bahili ana mama maskini aliyewekwa akiba kwa siku ya kusutwa. Nilitazama nje. Lakini mikono yake niliiona, ikisawazisha kile kitu kana kwamba kinaweza kupigwa pasi, na simu niliiacha mfukoni kwa vituo viwili hivi.

Tulifika Pak Phanang muda wa watawa kuanza kukaa. Hekalu liko ukingoni mwa mto, na ng'ambo kuna yale majengo marefu yasiyo na madirisha wanamofugia mbayuwayu kwa ajili ya viota vyao vinavyoliwa, kelele zao hazikomi. Langoni palikuwa na muuzaji mmoja wa mikate ya nyuzi, amebakiwa na michache. Tukapita bila kumtazama.

Chini ya banda alikaa bibi mmoja, mdogo wa mwili, mbele yake karatasi ya majina ya wafu. Kila mtu hutaja wake, yanaandikwa, kisha karatasi husomewa dua na kuchomwa. Bibi alikuwa anataja tu, kijana mmoja ndiye aliyeandika, kwa kuwa mikono ya yule bibi ilikuwa inatetemeka mapajani mwake kama ya mwenye homa. Walimwita Bibi Phin.

"Niandikieni Chaem," Lamiat akasema.

"Chaem yupi?"

"Aliyekuwa anafuma makuti. Nyumba ya tatu kutoka kivukoni."

Bibi Phin akamtazama usoni. "Huyo yupo tayari," akasema, na kijana akaonyesha kwa kalamu. Mstari wa kwanza kabisa: Chaem.

"Nani kamwandika?"

"Mimi. Mwaka wa ishirini na tisa sasa."

"Kwa ruhusa ya nani?" Lamiat sauti ikampanda. "Wewe ni ndugu yake?"

"Ndugu wapi? Nilikuwa jirani. Alipofariki, mwaka wa kwanza hakuja mtu. Nikamwota kasimama mlangoni kwangu, kajikumbatia hivi." Akajaribu kukunja mikono kifuani, ikakataa. "Sasa mimi nilikuwa napika mikate ya nyuzi ya kuuza. Nikaona kuna ugumu gani? Nikamtengea mmoja. Na mwaka uliofuata nikamtengea. Na uliofuata."

Lamiat aliivuta ile karatasi, akalifuata jina la mama yake kwa kidole.

"Wewe utakuwa mwanawe," Bibi Phin akaendelea. "Paji la uso ni lake. Nilikutazamia. Maana mwaka jana nilipata kiharusi, mikono hii ikafa. Nikaja hapa jukwaani nikamwambia, 'Chaem, dada yangu, mimi basi, siwezi tena kumimina nyuzi. Unao watoto, nenda kawatafute.'" Akatabasamu, hana meno. "Kumbe alikuja kweli. Haya, umemletea nini?"

Lamiat akafungua leso. Nadhani alikuwa ameshasahau kwamba anayo. Bibi Phin alikaangia watu mikate ile maisha yake yote, huwezi kumdanganya kwa kukunja. Aliusogelea, akaona ulipochanika, akaona sufu nyekundu yenye nta ya mishumaa ya hekalu lingine, na kwa kidole kinachotetemeka akafunua kidogo akaona alama za vidole vitano vya mguu wa mtoto.

"Huu umeshaliwa," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia mvua inanyesha.

Nilikuwa nimeshatoa simu. Siwezi kusema uongo, nilikuwa nimeshaielekeza. Uso wa wifi yangu wakati ule ndio picha soko zima lilikuwa linaingoja.

Bibi Phin akanigeukia. "Na huyu je?"

"Mke wa Sanan," Lamiat akajibu kwa sauti ndogo.

"Sanan! Yule kitinda mimba! Mama yake alikuwa akimtaja hata homa imempanda, Sanan kala, Sanan kalala. Ehe, mke wa Sanan, na wewe umemletea nini mama mkwe?"

Mkononi nilikuwa na simu. Begani nilikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na chaja, kitana, na wali wa kunata na kuku niliojinunulia kwenye treni, nimeula nusu. Nilisikia mbayuwayu wa ng'ambo, nikasikia na sauti ya Sanan: mmoja mzuri, kwa jina langu. Nikaona aibu, aibu kabisa, ya kuchoma masikio, mbele ya mtu ambaye wala hakuwa ananisuta.

Nilipogeuka, Lamiat hakuwepo. Alikuwa anakimbia kwenda langoni, na kandambili moja ameiacha chini ya banda. Nilimfuata. Muuzaji alikuwa anafunga, amebakiwa na mkate mmoja wa nyuzi, mkubwa, wa rangi ya dhahabu. Akataja bei, bei ya siku ya sikukuu, ya wizi mtupu. Nikasubiri vita. Lamiat akafungua pochi, vifuko vya sukari vikamwagika chini, akalipa. Bei kamili.

Kisha akausogeza mkate kwenye mwanga, akaupasua katikati kwa kufuata mkunjo, taratibu, nyuzi zisivurugike. Nusu moja akanipa.

"Shika. Huwezi kwenda mbele ya mama mikono mitupu."

"Wifi..."

"Sema ni ya Sanan. Nauli ya kurudi juu yako."

Tukaziweka jukwaani, nusu na nusu, bega kwa bega. Dua ilikuwa ndefu. Jina la Chaem likasomwa la kwanza, karatasi ikachomwa, uzi mweupe ukavutwa, na watoto wakaja mbio. Nikaona goti la Lamiat linainuka lenyewe, mkono unatafuta mwavuli. Nikamshika ubavuni. Akakaa. Mtoto mmoja wa kiume alipita mbele yetu akiwa ameziokota zote mbili, ameziunganisha, anatafuna, na Lamiat alimtazama mpaka akapotea nyuma ya banda.

Kituoni Nakhon nilikwenda dirishani kukata tiketi za kurudi Trang. "Usisahau kumwambia nina sitini na tisa," wifi yangu akanikumbusha kwa nyuma. Nikamwambia karani ni wazee wawili, nusu nauli. Picha zote nilikuwa nimeshazifuta kwenye gari la mabenchi, na sokoni walipouliza niliwaambia simu ilizima.